Kufundisha Mfumo wa Fahamu: Seli za Pua na Matengenezo ya Ugwe Mgongo

UTANGULIZI

Somo la mfumo wa fahamu aghalabu hufundishwa kwa njia moja. Mwalimu huchora ubongo na uti wa mgongo ubaoni, huandika majina ya sehemu zake, na watoto hunakili. Kipindi huisha kwa amani. Lakini hutokea siku ambapo mtoto huuliza swali lisilokuwamo katika andalio la somo, na hapo mwalimu hugundua kuwa majina aliyoyaandika ubaoni hayamsaidii kujibu.

Tulikuwa tumeketi nyuma ya darasa katika shule moja ya pwani, wakati wa mazoezi ya kufundisha, tukimsikiliza mmoja wa wanachuo wetu. Alikuwa amekwisha kueleza kwamba neva hupeleka habari ubongoni na kuleta amri viungoni, na kwamba neva za uti wa mgongo zikikatika haziungani tena. Msichana aliyekaa dawati la pili aliinua mkono, akasema: "Mwalimu, baba alianguka mnazini, hawezi kusimama. Neva zake zitaungana lini?" Darasa zima lilinyamaza. Mwanachuo akalitazama andalio lake, akasema, "Tuendelee," naye akaendelea. Mtoto yule hakuinua mkono tena kipindi kile.

Jioni tulipokutana kulijadili somo hilo, majibu mawili yalipendekezwa. Mwanachuo wa kwanza alisema kuwa mtoto angeambiwa wazi kwamba baba yake hatasimama kamwe. Wa pili, aliyewahi kusoma habari za seli za pua zitumiwazo kutengeneza uti wa mgongo, alisema kuwa mtoto angepewa moyo kwa kuambiwa kuwa dawa imekwisha kupatikana. Tuliona kuwa majibu yote mawili yana kasoro. La kwanza latoa hukumu juu ya mgonjwa ambaye mwalimu hajamwona wala hana utaalamu wa kumpima. La pili laahidi jambo ambalo bado limo katika majaribio. Katika makala haya tunakusudia kueleza yale yajulikanayo kuhusu seli hizo za pua, kisha tuonyeshe namna ya kuyafundisha katika madarasa ya juu ya shule ya msingi pasipo kumvunja mtoto moyo wala kumdanganya.

MANENO YATUMIKAYO

Mwalimu hana budi kuanza na neno "mshipa". Katika Kiswahili cha kila siku neno hili lina kazi nyingi. Mshipa wa damu ni mshipa. Mshipa wa fahamu nao ni mshipa. Na watu wengi huuita ugonjwa wa ngiri kwa jina hilo hilo. Mtoto asikiapo kwamba mshipa umekatika, huenda akafikiri damu inamwagika ndani ya mgongo. Kwa hiyo tunashauri kuwa katika somo hili litumike neno "neva" kwa mshipa wa fahamu, na "mshipa" uachiwe damu.

Neno la pili ni "uti wa mgongo". Wengi hulitumia kwa mifupa ya mgongo pamoja na kamba laini ya neva ipitayo ndani yake. Vitu hivi ni viwili. Mifupa ni kama ukuta. Kamba ile ndiyo mali ilindwayo na ukuta. Hapa tutaiita kamba hiyo "ugwe mgongo". Mfupa uliovunjika huunga, na kila mtoto amepata kumwona mtu aliyevunjika mkono akapona. Ugwe hauna tabia hiyo. Mtoto asiyeitambua tofauti hii hawezi kuelewa kwa nini mtu aliyeungwa mfupa wa mgongo aweza kubaki hawezi kutembea.

MAARIFA YA MWALIMU

(a) Neva ya kunusa

Juu kabisa ndani ya pua pana utando mdogo wenye mamilioni ya seli za neva za kunusa. Neva nyingi za mwili zimefichwa chini ya ngozi, nyama au mfupa. Hizi zimekaa karibu na mlango. Hewa, vumbi, moshi wa kuni na vijidudu huzifikia moja kwa moja. Kwa sababu hiyo hazidumu. Katika panya wa maabara maisha yake hukadiriwa kwa majuma au miezi michache tu.

Hata hivyo sisi hatupotezi uwezo wa kunusa kila baada ya miezi michache. Chini ya utando ule zimo seli changa zinazozaa neva mpya mahali pa zile zilizokufa, na kazi hii huendelea hata utu uzimani. Utafiti wa Graziadei na wenzake katika miaka ya 1970 ulisaidia sana kuthibitisha jambo hili, wakati ambapo wataalamu wengi walikuwa wakiamini kuwa mnyama aliyekwisha kukua hazai neva mpya kabisa.

Kuzaliwa kwa neva mpya si mwisho wa kazi. Neva hiyo huwa na uzi mwembamba ambao sharti usafiri. Uzi hupenya matundu ya bamba dogo la mfupa lililo kati ya pua na ubongo, kisha huingia katika kinundu cha kunusa, ambacho ni sehemu ya ubongo wenyewe. Huko huungana na neva nyingine ili harufu itambulike. Hili ndilo jambo la kustaajabisha: uzi mpya unaingia ubongoni kwa mtu mzima, mahali ambapo nyuzi zinazojaribu kuota upya kwa kawaida huzuiwa.

Uzi huo hausafiri peke yake. Husindikizwa na seli ziitwazo glia za kunusa. Neno "glia" limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gundi, kwa kuwa zamani ilidhaniwa kuwa kazi ya seli za namna hii ni kuzishikilia neva tu. Glia za kunusa hufanya mengi zaidi ya hayo. Huyakumbatia mafungu ya nyuzi kutoka puani hadi ndani ya kinundu. Hutoa kemikali zinazosaidia nyuzi kukua. Hula mabaki ya nyuzi zilizokufa pamoja na bakteria. Tena huweza kukaa pamoja na seli za ubongo bila kufukuzwa wala kuzungushiwa ukuta. Mwaka 1985 Geoffrey Raisman, mtafiti wa Uingereza, alieleza kuwa mpangilio huu wa glia huenda ndio unaoifanya njia hiyo ibaki wazi kwa nyuzi mpya.

(b) Ugwe mgongo

Ugwe mgongo wa mtu mzima una urefu wa sentimita 45 hivi, na unene wake wakaribia ule wa kidole kidogo. Ndani yake hupita nyuzi za kupandisha habari na za kuteremsha amri.

Neva ya mkono ikikatwa na kushonwa na daktari, nyuzi zake huweza kuota upya kwa mwendo wa milimita 1 kwa siku takriban. Katika ugwe hali ni nyingine. Baada ya jeraha seli za hapo hujenga kovu. Kovu hilo lina faida, maana huzuia jeraha lisienee. Lakini nyuzi zinazojaribu kuota hukwama hapo. Zaidi ya hayo, mafuta yanayozifunika nyuzi za ugwe yana kemikali zizuiazo kuota. Mwaka 1928 Santiago Ramón y Cajal, mwanasayansi mashuhuri wa Hispania, alifikia uamuzi kuwa njia za neva za ubongo na ugwe wa mtu mzima, zikiharibika, hazifanywi upya. Lakini aliwaachia wanasayansi watakaokuja kazi ya kuibadili hali hiyo iwapo itawezekana.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba majeraha mengi ya ugwe si ya kukatika kabisa. Mara nyingi ugwe hupondeka na baadhi ya nyuzi husalia. Nyuzi hizo huweza kumrudishia mgonjwa sehemu ya nguvu zake, hasa katika miezi ya mwanzo. Kwa hiyo usemi wa mwanachuo wetu kwamba neva zikikatika haziungani tena ulikuwa na ukweli ndani yake, lakini haukuwa na haki ya kutumiwa kama hukumu kwa kila aliyeumia mgongo.

(c) Majaribio

Hoja ya watafiti ilikuwa nyepesi kueleza: kama glia za pua huzipitisha nyuzi mpya kuingia ubongoni, je, zikipandikizwa penye jeraha la ugwe, hazitazipitisha nyuzi huko pia?

Mwaka 1997 Raisman na wenzake, Ying Li na Pauline Field, walitangaza matokeo ya jaribio lao kwa panya. Walikuwa wameikata njia moja ya neva katika ugwe, na panya wakapoteza uwezo wa kunyosha mguu mmoja wa mbele ili kuchukua chakula. Baadhi yao walipandikizwa glia za kunusa. Nyuzi zilipita penye jeraha, na panya hao wakaweza tena kuutumia mguu ule. Habari hizi zilileta furaha kubwa. Lakini maabara nyingine ziliporudia baadhi ya majaribio ya namna hii hazikupata matokeo yale yale kila mara.

Kwa binadamu mambo yamekwenda polepole zaidi. Huko Brisbane, Australia, watu watatu waliolemaa walipandikizwa seli zilizotolewa katika pua zao wenyewe, na wengine watatu wasiopandikizwa wakawa wa kulinganisha. Taarifa ya mwaka 2008, baada ya miaka mitatu ya kuwaangalia, ilionyesha kuwa upandikizaji haukuwadhuru; lakini pia haukuwarudishia uwezo wa kutembea. Huko Wrocław, Poland, mwaka 2012 madaktari wakishirikiana na Raisman walimpasua mtu mmoja ambaye ugwe wake ulikuwa umekatwa kwa kisu, ukabakiwa na sehemu nyembamba tu. Walichukua glia kutoka katika kinundu chake cha kunusa, wakaziotesha maabara, wakazipandikiza, na kuliziba pengo la milimita 8 kwa vipande vya neva vilivyotolewa mguuni mwake. Mwaka 2014 walitangaza kuwa amepata tena sehemu ya hisia na nguvu za miguu, na kwamba aliweza kupiga hatua kwa msaada wa vyuma. Alikuwa amefanya mazoezi makali kwa miezi mingi kabla na baada ya kupasuliwa. Huyu alikuwa mtu mmoja, tena jeraha la kisu ni tofauti na ugwe uliopondwa kwa kuanguka.

Upande wa hatari nao usifichwe. Mwaka 2006 madaktari walioonana na wagonjwa saba waliotibiwa kwa seli kama hizi nchini China, kabla na baada ya matibabu, waliripoti kuwa hawakuona faida ya maana, na kwamba baadhi yao walipatwa na homa ya uti wa mgongo. Mwaka 2014 iliripotiwa habari ya mgonjwa ambaye, miaka minane baada ya kupandikizwa kipande cha utando wa pua, alikutwa na uvimbe mgongoni uliokuwa ukitoa kamasi. Utando ule ulikuwa umeendelea na kazi yake ya puani mahali pasipohusika.

Utafiti haujakoma. Katika Chuo Kikuu cha Griffith, Australia, wanasayansi wameendelea kutengeneza madaraja ya seli hizi. Lakini hadi leo haya si matibabu ya kawaida ambayo mgonjwa aweza kwenda hospitali akayaomba.

MFANO WA SOMO

Vipindi viwili vya dakika 40.

Madhumuni: Mwisho wa somo mwanafunzi aweze (1) kutofautisha mfupa wa mgongo na ugwe mgongo, (2) kueleza kwa nini neva ya pua hupata nyuzi mpya, (3) kutaja jambo moja ambalo wanasayansi wamefaulu na moja ambalo bado, (4) kueleza namna ya kumsaidia mtu aliyeanguka.

Zana: karafuu, ganda la ndimu, kitunguu na kahawa, kila kimoja ndani ya kitambaa kilichofungwa, chungio, uzi wa kushonea, udongo wa mfinyanzi, bua la jani la mpapai. Bua likatwe siku moja kabla na lioshwe vizuri, maana utomvu wake huwasha.

Hatua ya 1. Watoto wafumbe macho na kunusa vitambaa kwa zamu. Waulizwe: Habari ya karafuu imefikaje ubongoni? Wasipewe mafuta ya taa wala dawa za kunusa. Mwalimu aweza kuwakumbusha habari za UVIKO-19, ambapo watu wengi waliacha kunusa na wengi wao wakarudiwa na uwezo huo baada ya muda.

Hatua ya 2. Mwalimu alishike chungio na kupitisha nyuzi kadhaa katika matundu yake kutoka chini kwenda juu. Chini ni pua, juu ni ubongo. Achomoe uzi mmoja, apitishe mwingine pale pale. Watoto waone kuwa tundu na njia vimebaki, ingawa uzi ni mpya.

Hatua ya 3. Watoto, katika vikundi, wafinyange tonge la udongo na kujaribu kuusukuma uzi upenye ndani yake. Uzi utajikunja. Kisha wafinyange tonge jingine kulizunguka bua la mpapai, ncha zote mbili zikiwa wazi, na kupitisha uzi ndani ya bua. Udongo ni kovu. Bua ni njia inayotunzwa na glia.

Hatua ya 4. Mwalimu aulize: Mfano wetu unakosea wapi? Swali hili lisiachwe kwa kisingizio cha muda. Bua ni kitu kikavu, ilhali glia ni seli hai zinazolisha na kusafisha. Uzi wetu unasukumwa kwa mkono, ilhali uzi wa neva hukua wenyewe. Tena uzi kupita upande wa pili hakutoshi. Sharti uunganike na neva inayofaa, la sivyo amri itafika pasipotakiwa. Mtoto asiyeelezwa haya atarudi nyumbani akiamini kuwa ugwe hutengenezwa kwa urahisi kama bomba la maji.

Hatua ya 5. Hesabu: Neva ya mkono imekatika, na nyuzi zake zina safari ya sentimita 30 mpaka vidoleni. Zikikua milimita 1 kwa siku, zitachukua siku ngapi? Watoto watapata siku 300. Wajadili maana ya kungoja muda huo.

Hatua ya 6. Msaada wa kwanza. Hii ndiyo sehemu ambayo mtoto aweza kuitumia hata kesho. Mtu akianguka kutoka juu ya mti na kulalamikia shingo au mgongo, au akiwa hahisi miguu, asiinuliwe kwa mikono, asikalishwe, wala asiburutwe. Mtu mmoja akituliza kichwa chake, wengine waite msaada wa wataalamu wa afya. Iwapo hapana budi kumhamisha, watu kadhaa wamwinue kwa pamoja, kichwa, shingo na mgongo vikiwa vimenyooka, na wamlaze juu ya ubao mpana. Ugwe uliopondwa kidogo huweza kuharibiwa zaidi na mikono ya waokoaji wenye haraka.

NAMNA YA KUJIBU SWALI LA MTOTO

Turudi kwa msichana wa dawati la pili. Tulikubaliana na wanachuo kuwa jibu jema lina sehemu tatu: lijulikanalo, lisilojulikana bado, na lile liwezalo kufanyika nyumbani. Mathalani:

"Mwanangu, neva za mgongo ni ngumu sana kuota tena, na mimi sijui baba ameumia kiasi gani, daktari aliyempima ndiye ajuaye. Wako wanasayansi wanaojaribu kuzitengeneza kwa seli za pua. Wamepata mafanikio machache, lakini kazi haijakamilika, kwa hiyo sikuahidi. Kuna mambo ya kumsaidia leo. Baada ya kipindi njoo tuzungumze."

Mwalimu asimhoji mtoto habari za ugonjwa wa mzazi wake mbele ya wenzake. Amwite faraghani, tena kwa upole.

Kesho yake mwanachuo wetu alilifundisha somo upya kwa zana tulizozitaja. Kipindi kilipokwisha, msichana yule alibaki. Hakuuliza tena habari za neva kuungana. Aliuliza kama ni vibaya kumgeuza baba yake peke yake usiku, kwa kuwa mama huamkia shambani na yeye ndiye alalaye karibu. Hapo tulifahamu kuwa tangu mwanzo alikuwa akitafuta mtu wa kumshauri. Mwanachuo alimweleza kuwa mtu asiyehisi sehemu ya mwili hupata vidonda vya kulalia upesi, na kwamba yafaa ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi. Lakini kazi hiyo si ya mtoto peke yake. Siku ile ile jioni alikwenda nyumbani kwao pamoja na mwalimu wa darasa, wakazungumza na wazazi, na wakakubaliana kumwomba mhudumu wa afya wa kijiji afike kuwaonyesha.

HITIMISHO

Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa kati ya watu 250,000 na 500,000 huumia ugwe mgongo kila mwaka. Kwa hiyo si ajabu kwamba mwalimu atakutana na mtoto wa mmoja wao. Hatumtaki mwalimu wa shule ya msingi awe daktari. Twamtaka ajue kiasi cha kutosha ili asiseme "haiwezekani" mahali ambapo wataalamu wangali wanatafuta, wala asiseme "imepatikana" mahali ambapo bado. Na akiulizwa swali gumu, asikimbilie kusema "tuendelee".

MASWALI YA KUJADILI

1. Eleza tofauti kati ya uponaji wa mfupa wa mgongo na uponaji wa ugwe mgongo.
2. Kwa nini jaribio la Brisbane lilikuwa na watu watatu wasiopandikizwa seli?
3. Buni zana nyingine, badala ya bua la mpapai, inayopatikana katika mazingira ya shule yako. Taja mahali inapofaa na mahali inapopotosha.
4. Mtoto amesikia redioni kwamba seli za pua huponya waliopooza. Andika jibu utakalompa, lisilozidi sentensi sita.